Kabla ya Kumlaumu Panya: Utatuzi wa Matatizo ya Kurekodi Umeme wa Gamba la Kusikia

Mwongozo huu unamhusu mtu aliyekwisha kumlaza panya kwa dawa ya usingizi, akafungua dirisha dogo kwenye fuvu, akashusha elektrodi (waya mwembamba wa kupokea umeme wa seli) kwenye gamba la kusikia, yaani sehemu ya tabaka la nje la ubongo inayoshughulikia sauti, akapiga sauti, kisha akaona kwenye skrini kitu asichokielewa au asione kitu chochote. Haufundishi upasuaji, wala haumwondolei mtu wajibu wa kupata kibali cha maadili kabla ya kumgusa mnyama, kwa kuwa Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008. Kazi yake ni kuifuata dalili hadi kwenye chanzo, kwa utaratibu tuliouzoea katika chumba chetu kidogo cha mazoezi hapa Moshi, chenye panya weupe wachache, spika mbili, amplifaya moja ya zamani na umeme ambao hatuuamini sana. Wengi wakisikia habari za panya wa utafiti nchini humkumbuka panya buku wa Morogoro anayenusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Huyo ana sifa zake, lakini hapa tunazungumzia panya mweupe wa maabara na ndugu yake mdogo, kipanya.

Kabla ya dalili yoyote, ni lazima saa ieleweke. Sauti ikifika sikioni, koklea, kiungo cha kusikia kilichomo ndani ya sikio, huigeuza kuwa mapigo ya neva katika muda wa milisekunde 1 hadi 2. Mapigo hayo hupanda kituo kwa kituo kupitia shina la ubongo na ubongo wa kati, hupita kwenye thalamasi, kituo cha mwisho kabla ya gamba, na kwa panya mweupe aliyelala seli za gamba la kusikia huanza kupiga kati ya takriban milisekunde 10 na 20 baada ya sauti kufika. Wimbi la umeme wa jumla wa eneo hilo, yaani mchango wa maelfu ya seli zinazopokea ujumbe kwa pamoja, hufika kileleni muda mfupi baadaye, na ukubwa wake ndani ya gamba ni mamia ya mikrovolti. Tochi ya betri moja ina volti 1.5, ambazo ni mikrovolti milioni moja na nusu, na soketi ya ukutani ina volti 230. Kwa hiyo kitu tunachokitafuta ni kidogo mno kikizungukwa na vitu vikubwa mno, na mara nyingi silaha pekee ya kuvitenganisha ni muda. Ukiniletea mchoro, swali langu la kwanza halihusu uzuri wa wimbi, bali limeanza milisekunde ya ngapi.

Dalili: wimbi linaanza papo hapo na sauti

Hii ndiyo dalili inayodanganya watu wengi kuliko zote, kwa sababu huja na sura ya mafanikio. Wimbi ni kubwa, linajirudia kila sauti ikipigwa, linakua sauti ikiongezwa na kupungua sauti ikipunguzwa. Kila sifa ya jibu la ubongo inaonekana ipo, isipokuwa moja: halichelewi. Wimbi linaloanza kwenye milisekunde 0 haliwezi kuwa la gamba, hata kama mchoro wake ni wa kufurahisha kiasi gani, kwa kuwa hakuna neva iliyopata nafasi ya kufanya kazi.

Mwaka wangu wa kwanza nilipoteza siku mbili nikilishangilia wimbi la namna hiyo. Nilikuwa nimeufunga waya wa spika pamoja na kebo ya elektrodi kwa tepu, ili meza ionekane nadhifu. Mkondo uliokuwa ukienda kwenye spika ulikuwa unazaa mkondo mdogo kwenye kebo ya jirani, na amplifaya ikaukuza kwa uaminifu mkubwa. Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja fundi wa redio, ambaye hakuwahi kuona ubongo maishani mwake. Aliniuliza tu, "Kijana, ukimtoa huyo panya, wimbi linaondoka?" Nikamtoa. Halikuondoka.

Tangu siku hiyo tunaye "panya wa kikombe", ambaye ni kikombe cha plastiki chenye maji ya chumvi ya asilimia 0.9, yaani chumvi gramu 9 katika lita moja ya maji, kiasi kile kile cha dripu ya hospitalini. Tunatumbukiza ndani yake elektrodi zote tatu, ya kurekodia, ya rejea (ya kulinganishia) na ya ardhi, tunakiweka pale panapokaa kichwa cha panya, na tunapiga sauti zile zile. Kikombe hakina masikio, kwa hiyo kila kitakachoonekana baada ya kuchukua wastani wa sauti 100 ni cha vyombo. Jaribio hili lifanyike kabla ya panya wa kwanza wa kila juma, na mchoro wake uhifadhiwe kwa tarehe.

Panya akiwa tayari mezani na hutaki kumwondoa, yapo majaribio mengine. Kama unatumia mrija kupeleka sauti sikioni, uzibe bila kugusa waya wowote. Jibu la kweli litakufa, na umeme wa spika utabaki. Kama spika iko wazi, irudishe nyuma sentimita 34 na uongeze sauti kidogo ili kufidia. Katika hewa ya nyuzi 20 sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo sentimita hizo huchelewesha kila kitu cha kibaiolojia kwa milisekunde 1, huku umeme wa spika ukibaki pale pale ulipokuwa. Mwanafunzi mmoja aliyetoka Arusha aliwahi kuniuliza kama hesabu hii hubadilika kwa kuwa Arusha iko juu kuliko Moshi. Haibadiliki kwa sababu ya mwinuko. Mwendo wa sauti hewani hufuata joto, si shinikizo, na tofauti kati ya asubuhi ya Julai na mchana wa Februari haifiki hata asilimia 4.

Jaribio la tatu ni kugeuza mwelekeo wa mlio, kiasi kwamba mlio mmoja huanza kwa kuisukuma hewa na unaofuata huanza kwa kuivuta. Ukichukua wastani wa aina zote mbili kwa idadi sawa, umeme wa spika hujifuta wenyewe, na jibu la gamba, ambalo halijali sana mwelekeo huo, hubaki. Tahadhari moja inahitajika hapa. Njia hii hufuta pia umeme unaozalishwa na koklea yenyewe kwa kuiga wimbi la sauti, na umeme huo ni wa mnyama aliye hai ingawa si wa ubongo. Mtu anayerekodi karibu na sikio asidhani kila kilichofutika kilitoka kwenye waya.

Tiba yenyewe ni rahisi kuliko uchunguzi: tenganisha njia za waya, zivuke kwa pembe mraba pale zinapolazimika kukutana, iweke spika nje ya kizimba cha wavu wa chuma kinachomkinga panya na umeme wa nje, na utumie mrija.

Dalili: wimbi linatangulia sauti

Nimeona mchoro ambao gamba lilianza kujibu milisekunde 4 kabla ya sauti kupigwa, na aliyeuleta alikuwa na nadharia juu ya panya kutabiri yajayo. Panya anaweza kujifunza mpangilio wa sauti, lakini hapa chanzo kilikuwa chujio, yaani hesabu ya kuondoa mitetemo isiyotakiwa kwenye data. Programu nyingi za uchambuzi huchuja data kwenda mbele na kisha kurudi nyuma ili wimbi lisisogee upande wowote, na malipo ya hila hiyo ni kwamba sehemu ya jibu humwagika nyuma, kwenye muda ambao jibu halikuwapo. Kadiri chujio linavyokata kwa ukali, ndivyo linavyomwaga zaidi. Anayetaka kujua jibu limeanza lini na apime kwenye data ambayo haijachujwa hivyo, au atumie chujio laini linalokwenda mbele tu na kukubali ucheleweshaji wake unaojulikana.

Chanzo cha pili ni alama ya mwanzo wa sauti. Ukiiamini kompyuta kwamba imepiga sauti pale ilipoambiwa ipige, umejitakia, kwa kuwa kadi ya sauti ya kawaida huweza kuchelewa kwa makumi ya milisekunde, na mbaya zaidi ucheleweshaji huo hubadilika kutoka mlio mmoja hadi mwingine. Matokeo yake si kuhama kwa wimbi tu, bali wastani huwa bapa na mpana, na mtu huandika kwamba jibu ni dhaifu. Chukua tawi la waya unaokwenda kwenye spika, lipunguze nguvu kwa vipinga viwili, ulirekodi kwenye chaneli ya pili ya mashine ile ile inayorekodi ubongo. Baada ya hapo mwanzo wa sauti husomwa kwenye chaneli hiyo, na kompyuta haiulizwi tena.

Dalili: mstari wote unatetemeka

Kama mtetemo una mizunguko 50 kwa sekunde, mzunguko mmoja kila milisekunde 20, umeme wa ukutani umeingia. Watu hukimbilia kujenga kizimba, na kizimba cha wavu wa mabanda ya kuku kilichounganishwa na waya wa ardhi mahali pamoja husaidia kweli, lakini kwa uzoefu wangu chanzo kikuu kiko karibu zaidi, kwenye elektrodi ya rejea. Amplifaya hutoa tofauti kati ya elektrodi mbili, na kelele inayozifikia zote kwa usawa hujifuta. Rejea ikikauka, ikilegea au ikishika kutu, usawa hupotea na kelele huachwa ipite. Kwa hiyo kabla ya kununua wavu, tia tone la maji ya chumvi kwenye rejea, kaza skrubu yake, na utazame. Waya wa fedha unaotumika kama rejea uoshwe na kulowekwa kwenye jiki kwa takriban nusu saa hadi ugeuke rangi ya kijivu iliyoiva, kwa sababu tabaka hilo la kloridi ndilo linaloufanya utulie ndani ya chumvi ya mwili. Waya unaong'aa ni mzuri kwa kidani tu.

Rejea ikiwa salama, chomoa kitu kimoja kimoja: taa za mirija, chaja ya kompyuta, kitanda cha kupasha joto, friji ya chumba cha pili. Kompyuta mpakato ifanye kazi kwa betri yake. Vyombo vyote vichomekwe kwenye ekstensheni moja, maana vyombo viwili vilivyopata ardhi kwenye kuta mbili tofauti hutengeneza duara la waya linalovuna umeme wa hewani. Fimbo ya shaba iliyozikwa nje nayo ikaguliwe, hasa Januari na Februari, kwa kuwa udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Sisi huimwagilia ndoo mbili jioni kama mtu amwagiliaye mgomba, na majirani wamekwisha zoea.

Kuna mtego wa hesabu ambao hauonekani kwa macho. Wastani hupunguza kelele isiyo na mpangilio kwa kipeuo cha pili cha idadi ya sauti, hivyo sauti 100 hupunguza kelele mara 10, lakini kelele yenye mpangilio unaolingana na sauti zako haipungui hata kidogo. Ukipiga sauti kila baada ya milisekunde 1,000 kamili, kila sauti huanguka kwenye sehemu ile ile ya mzunguko wa umeme, kwa sababu ndani ya milisekunde 1,000 mna mizunguko 50 kamili. Ukipiga kila baada ya milisekunde 1,010, mzunguko hugeuka juu chini kati ya sauti moja na nyingine na hujifuta kwa jozi, ila mtetemo wa mizunguko 100 kwa sekunde utakaotoka kwenye taa utabaki, maana kwake 1,010 nayo ni idadi kamili. Njia iliyo salama ni kuiacha nafasi kati ya sauti ibadilike kwa bahati nasibu, tuseme kati ya milisekunde 950 na 1,100. Chujio la kukata hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde) peke yake nalikataa kwa data za gamba, kwa kuwa wimbi la gamba lenyewe lina nguvu katika eneo hilo, na chujio huliongezea mkia wa mawimbi ambao haukuwapo.

Fundi wa mageti akianza kuchomelea nyuma ya ukuta, huo si mtetemo bali ni miruko mikubwa isiyo na saa. Tupa kila kipande cha data kinachovuka kikomo ulichokiweka mapema, au zungumza naye. Mazungumzo yamefanikiwa zaidi.

Dalili: hakuna jibu lolote

Hapa ndipo panya hulaumiwa kwanza. Ninashauri alaumiwe mwisho, na swali la kwanza liwe ni wapi njia ya sauti imekatika, kati ya sikio na gamba. Njia ya haraka ya kulijibu ni kupima shina la ubongo. Weka elektrodi za sindano chini ya ngozi, moja utosini, moja nyuma ya sikio na ya tatu mbali na hizo, piga mibofyo 500 hadi 1,000, uchukue wastani. Sikio na spika vikiwa vizima, mfululizo wa mawimbi madogo ya mikrovolti chache utaonekana ndani ya milisekunde 10 za kwanza. Mawimbi haya hayasumbuliwi sana na dawa ya usingizi, na hilo ndilo linaloyafanya yawe shahidi mzuri.

Kama mawimbi ya shina hayapo, achana na ubongo. Anza na spika. Weka maikrofoni pale pale lilipo sikio la panya, na usiyategemee masikio yako, kwa kuwa binadamu huishia karibu na kilohezi 20, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde, wakati panya mweupe husikia hadi zaidi ya kilohezi 60 na kipanya hadi zaidi ya 80. Kipanya pia hasikii vizuri sauti nzito. Mtu anayempigia mlio wa kilohezi 1 kwa nguvu ya kawaida anampigia kiziwi wa sauti hiyo. Kadi ya sauti inayotoa sampuli 44,100 kwa sekunde haiwezi, kwa kanuni ya hesabu, kutoa chochote kilicho juu ya kilohezi 22, na spika ya nyumbani kwa kawaida huchoka hata kabla ya hapo. Kwa kazi ya kweli na wanyama hawa kadi ya sampuli 192,000 pamoja na spika ndogo ya milio mikali ndicho kiwango cha chini.

Spika ikiwa nzima, tazama sikio. Vijiti vya kushikilia kichwa vinavyoingia masikioni huweza kuziba tundu au kutoboa kiwambo (ngoma ya sikio), na panya aliyetobolewa kiwambo hatajibu vizuri siku hiyo hata umbembeleze vipi; tumia vijiti vyenye tundu katikati au mshikie kichwa kwa pua na meno. Chungulia kama kuna nta au usaha, kwa kuwa maambukizi ya sikio la kati hutokea kwenye makundi ya panya bila dalili ya nje. Uliza umri. Masikio ya panya hufunguka karibu na siku ya 12 tangu kuzaliwa, na upande wa pili wa maisha vipanya wa ukoo wa C57BL/6, ambao wanapatikana karibu kila mahali, wanabeba badiliko la jeni la Cdh23 linalowafanya waanze kupoteza usikivu wa milio mikali wakiwa bado vijana wa miezi michache. Uliza pia waliwahi kutibiwa kwa dawa gani, kwa maana antibiotiki za jamii ya gentamisini huweza kuua seli za nywele za koklea.

Kama mawimbi ya shina yapo na gamba liko kimya, habari ni nzuri zaidi. Kosa la kwanza la kutafuta ni la usahaulifu. Mibofyo ya kupimia shina hupigwa mara 10 hadi 20 kwa sekunde, na mtu akimaliza huhamia kwenye gamba bila kubadilisha kasi hiyo. Shina huvumilia, gamba halivumilii. Sauti moja huliacha gamba likiwa limezimwa nusu kwa mamia ya milisekunde, hivyo sauti 20 kwa sekunde hulinyima jibu karibu kabisa isipokuwa kwa mbofyo wa kwanza. Rudi kwenye sauti moja kwa sekunde au chini ya hapo, na mara nyingi gamba lililokuwa limekufa hufufuka mbele ya macho yako.

Kosa la pili ni usingizi mzito. Isoflureni, dawa ya usingizi ya kuvuta, huzima gamba muda mrefu kabla ya kuzima shina. Ikizidi, mstari hunyamaza kwa sekunde kadhaa, ukaruka ghafla, ukanyamaza tena; ukiona sura hiyo, punguza dawa hatua kwa hatua huku ukiendelea kubana kidole cha mguu kuhakikisha mnyama hasikii maumivu. Ketamini pamoja na zailazini, dawa za usingizi za sindano, huliacha gamba likiwa na uhai zaidi, ila huliyumbisha polepole kati ya hali ya kuamka na hali ya kunyamaza, kiasi kwamba sauti moja hujibiwa kwa kishindo na inayofuata haijibiwi. Wastani wa sauti 50 hauwezi kukuonyesha jambo hilo. Tazama sauti moja moja.

Kosa la tatu ni mahali. Gamba la msingi la kusikia la panya mweupe liko ubavuni mwa kichwa, chini ya msuli wa kutafunia, takriban milimita 3 hadi 6 nyuma ya makutano ya mishono ya fuvu yaitwayo bregma, na wanaoanza karibu wote hufungua dirisha juu mno kwa sababu wanaogopa kuusogeza msuli huo. Kumbuka pia kwamba gamba la kushoto husikiliza zaidi sikio la kulia. Usianze kwa mlio mwembamba, bali kwa mshindo wa kelele pana yenye masafa mengi, yaani milio mizito hadi mikali kwa pamoja, kwa kuwa kila sehemu ya gamba ina masafa yake, na elektrodi iliyotua kwenye sehemu ya kilohezi 32 haitashughulika na mlio hafifu wa kilohezi 4. Ukishapata jibu, ndipo uchore ramani: kwenye gamba la msingi milio mizito huwa nyuma na milio mikali mbele. Ukisogea kuelekea mbele na mpangilio ukageuka ukarudi kwenye milio mizito, umevuka mpaka na kuingia eneo la jirani, na mpaka huo ni uthibitisho bora wa mahali kuliko rula.

Elektrodi yenyewe huja mwisho. Ya tungsteni ya kawaida ina ukinzani wa takriban megaomu 1 au 2 ikipimwa kwa kilohezi 1. Ikipimwa ikawa ndogo mno, ncha imekatika au ngozi yake ya kuhami imechubuka. Ikiwa kubwa mno, ina damu iliyoganda au waya umeachia lehemu.

Dalili: jibu lilikuwapo, sasa linafifia

Tazama kipimajoto kwanza. Panya aliyelala hawezi kujipasha joto, na asubuhi ya Juni chini ya mlima hupoteza nyuzi kadhaa bila mtu kujua. Baridi huchelewesha kila kituo cha njia ya kusikia, hivyo mawimbi husogea kwenda kulia taratibu kabla ya kupungua. Kufifia kunakokuja pamoja na kuchelewa ni dalili ya baridi au ya usingizi unaozidi kuzama, ilhali kufifia bila kuchelewa, kimo kikishuka na saa ikabaki ile ile, hunielekeza kwenye elektrodi iliyosogea au ubongo uliovimba na kuisukuma. Mshikilie nyuzi 37. Uso wa ubongo ufunikwe kwa maji ya chumvi yenye uvuguvugu au mafuta ya silikoni, kwa maana utando uliokauka hauna tiba.

Kama jibu limefifia kwa mlio mmoja tu, jaribu mlio mwingine kabla ya kufanya lolote. Gamba huchoka na sauti inayorudiwa na hubaki macho kwa sauti adimu, na kipimo ni kubadilisha masafa na kuona kama uhai unarudi. Ukirudi, hakuna kilichoharibika.

Dalili: wimbi limepinduka

Hili si tatizo kila mara. Juu ya uso wa gamba sehemu ya mwanzo ya jibu huwa chanya, na katika tabaka za katikati zinazopokea ujumbe wa thalamasi, takriban nusu milimita na zaidi kidogo kwenda chini, huwa hasi. Mtu anayeshusha elektrodi ataliona likipinduka, na kina cha kupinduka ni alama ya kutunza kwenye daftari. Likipinduka bila elektrodi kusogea, angalia kama nyaya mbili zimebadilishana, au kama rejea imewekwa juu ya eneo ambalo nalo linajibu sauti.

Dalili: kizingiti kinabadilika kila siku

Kizingiti ni sauti ndogo kabisa inayopata jibu. Leo panya anajibu kwa desibeli 20, kesho ndugu yake anahitaji 45. Kwanza pima spika upya kwa maikrofoni katika masafa yote unayotumia, kwa kuwa hakuna spika yenye nguvu sawa kila mahali. Pili, angalia mwanzo wa mlio. Mlio unaoanza ghafla humwaga nguvu kwenye masafa ya jirani, na seli za mlio mkali hujibu sauti ambayo kwenye daftari imeandikwa kuwa nzito. Upandishe mlio kwa milisekunde 5, na usibadilishe muda huo kati ya panya na panya, maana upandaji wa polepole peke yake hudhoofisha jibu la gamba.

Tatu ni kelele ya chumba, na hapa Moshi hii imetusumbua kuliko zote. Mvua ya masika juu ya bati kila mtu anaisikia na kuahirisha kazi. Kelele mbaya ni ile isiyosikika. Umeme ulipokatika tulikuwa tukihamia kwenye inveta, chumba kikawa kimya kabisa kwa masikio yetu, na vizingiti vya milio mikali vikapanda kwa panya wote waliopimwa wakati huo. Tulikagua dawa, tukakagua elektrodi, tukakagua masikio. Mwishowe tuliwasha maikrofoni ya sampuli 192,000 katika chumba kitupu na kuchora masafa yake: palikuwa na mstari mmoja mnene juu ya kilohezi 20, unaotoka kwenye inveta, na mwingine mwembamba wa chaja ya simu iliyosahauliwa kwenye soketi. Panya walikuwa wakisikilizishwa filimbi mchana kutwa. Inveta sasa iko koridoni nyuma ya mlango mzito, chaja hairuhusiwi ndani, na kurekodi dakika 1 ya chumba kitupu, mara moja kwa umeme wa kawaida na mara moja kwa inveta, hutangulia panya wa kwanza wa siku.